Mwezi mpevu kwenye pakiti ya dagaa

Jumapili, usiku

Mabango ya zamani ya Mwanza yote huishia kuwa ya buluu. Pita barabara ya Makongoro kuelekea Kirumba utazame kuta: tangazo la mkutano wa injili, la tamasha, la saluni, la mgombea ambaye uchaguzi wake ulishapita. Wino wa njano na wa majenta, yaani wekundu wa waridi, ndio hupauka kwanza juani; wa buluu na mweusi hubaki. Mhubiri aliyepigwa picha na tai nyekundu sasa tai yake ni nyeupe, na uso wake umechukua rangi ya ziwa. Mimi kazi yangu ya mchana ni kusanifu na kuchapa vitu vya aina hiyo: kadi za harusi, lebo, fulana, ratiba za ibada. Ndiyo maana siwezi kupita ukuta bila kuutazama. Usiku, nyumbani Nyakato, nachora picha kwa rangi za mafuta. Watu huniuliza kama hizi ni kazi mbili au ni moja. Wiki hii nimepata jibu ninaloweza kulisimamia, na nimelipata kwa kina mama wa dagaa.

Ni kikundi cha akina mama wanaokausha na kuuza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wamechoka kuuza kwa gunia tu, mali inaondoka na lori na huko iendako inapewa jina la mtu mwingine. Wanataka pakiti za robo kilo na nusu kilo, zikae kwenye rafu za madukani hapa mjini, nyingine zifike Dodoma na Dar es Salaam. Walikuja tayari na mchoro waliotengenezewa kwingine, na walikuwa wameshaulipia. Mchoro mzuri. Ziwa la usiku, mtumbwi mmoja, mvuvi amesimama na kasia lake, na nyuma yake mwezi mpevu, mkubwa, umeshuka hadi kugusa maji. Mwanga wake umefanya njia nyeupe inayokuja hadi ubavuni mwa mtumbwi. Aliyeuchora anaijua rangi. Ningeupa nafasi ukutani kwangu bila kusita.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ambaye wenzake wote wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nilipoufungua mchoro kwenye skrini aliutazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mwezi ukiwaka hivyo wavuvi wako nyumbani."

Kwa msomaji asiye wa ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa inaelea juu ya maji gizani, dagaa wanaufuata mwanga na kukusanyika chini yake, nyavu zinawazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga, na taa ya mvuvi haimwiti tena dagaa yeyote. Ndiyo sababu wakati wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa hupumzika ufukweni, watu hushona nyavu, Mwaloni mzigo hupungua na bei hupanda. Pakiti yenye mwezi mpevu inasema kwamba dagaa hawa wamevuliwa usiku ambao hawavuliwi.

Mwenzake mmoja, wa umri wangu hivi, alibisha. "Lakini Mayu, mteja wa Dodoma atajulia wapi?"

"Jina la kikundi si limeandikwa hapo chini?" Mayu akamuuliza. "Basi sisi tunajua."

Tangu siku hiyo mchoro ule haujanitoka. Kinachonishangaza ni hiki: ukiuondoa kwenye pakiti ukautia fremu, kasoro yake yote inatoweka. Hapo yule mvuvi anaweza kuwa anarudi mikono mitupu. Anaweza kuwa ametoka tu kwa sababu nyumbani hakukaliki, watoto wanauliza na yeye hana la kuwajibu. Kwa familia inayokula kwa dagaa, mwezi mpevu ni siku za kukopa unga dukani. Kwa hiyo picha ileile, mwezi uleule, ikiwa ukutani ni picha ya kweli kabisa, pengine ya kweli kuliko aliyeichora alivyokusudia. Ikiwa kwenye pakiti inadanganya. Hakuna mstari uliobadilika wala rangi iliyoongezwa.

Kilichobadilika ni ahadi. Kazi ya usanifu ni ahadi anayopewa mtu ambaye hayupo. Anayesanifu kiti anamwahidi mtu asiyemjua kwamba kitambeba. Anayepanga maandishi ya vibao vya hospitali anamwahidi mtu mwenye hofu, aliyeshika mkono wa mgonjwa, kwamba mshale huu kweli unakwenda wodi ya wazazi. Nikiandika gramu 250, kuna mtu atatoa pesa yake kwa kuziamini tarakimu zile. Hayupo ninapochora, hawezi kuniuliza, na akidanganywa hana njia ya kunifuata. Kila ninachokiweka pale, herufi, rangi, tarehe ya mwisho wa matumizi, picha, ni sehemu ya neno aliloahidiwa.

Picha ya ukutani haina deni hilo. Ina madeni mengine, na ni mazito: kutosema kisichohisiwa, kutopamba maumivu ili yauzike. Lakini haimwahidi mtu kitu cha kwenda kukipima kwenye mizani. Inaweza kukaa na swali miaka mingi bila kulijibu, na mtazamaji akaja na la kwake.

Maelezo mengine niliyowahi kuyasikia yananipwaya. Kwamba sanaa ni ya moyo na usanifu ni wa matumizi, kwa mfano. Mitumbwi pale Kirumba ni vyombo vya kazi tangu mkuku hadi ukingo, na bado wenyewe huipaka rangi na kuiandika majina kwa uangalifu ambao samaki hawauhitaji. Upande wa pili, ni picha ngapi zimenunuliwa kwa sababu zinapatana na rangi ya makochi? Matumizi yako kila mahali, na moyo nao uko kila mahali. Ahadi ndiyo haiko kila mahali.

Mjadala huu una umri mkubwa. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani, akitaka fundi na msanii wafanye kazi chini ya paa moja. Wachoraji kama Paul Klee na Wassily Kandinsky walifundisha humo, jirani na karakana za ufumaji, za chuma na za mbao. Wanawake wengi waliofika walielekezwa kwenye ufumaji, hata wale waliokuja kwa hamu ya kuchora, na baadhi yao, kama Gunta Stölzl na Anni Albers, waliufanya ufumaji uheshimiwe kama kazi ya fikra. Shule ilifungwa mwaka 1933, Wanazi walipokwisha kuingia madarakani. Lakini katika habari zake zote, ninayoipenda zaidi ni ya baiskeli. Marcel Breuer, aliyesoma hapohapo kisha akaongoza karakana ya samani, alivutiwa na usukani wa baiskeli yake. Kama bomba la chuma linaweza kupindwa vile na likabeba uzito wa mtu, kwa nini lisiwe kiti? Kuanzia mwaka 1925 akatengeneza viti vya mabomba yaliyopindwa, na wajukuu wa viti vile wamejaa kwenye kumbi za mapokezi za mji wetu huu.

Sasa uje Dar es Salaam mwaka 1968. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, anaanza kuchora. Hana turubai wala rangi za wasanii. Anatumia vipande vya mraba vya hadibodi, vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Baiskeli tena! Sisi tulioko Usukumani, ambako baiskeli imebeba pamba, mkaa, mgonjwa na bibi harusi, tunapaswa kuifurahia habari hii kuliko watu wote. Rangi ile ilitengenezwa kwa ahadi: itashika kwenye chuma, itastahimili mvua, haitapauka upesi. Tingatinga akaichukua na kuifanyia kitu ambacho mtengenezaji wake hakukiwazia, chui ambaye madoa yake yana utaratibu wao na macho yake yanakutazama kama anakudai. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea.

Hadithi hiyo haikuishia hapo, na sehemu yake ya pili inanihuzunisha. Chui yule sasa yuko kwenye vikombe, kwenye trei, kwenye mikoba ya madukani uwanja wa ndege. Sisemi kwamba wanaomchora hawana kipaji, wako wenye mikono mizuri sana, na wanalisha watoto. Ninachosema ni kwamba chui amepewa kazi mpya. Anamwahidi mgeni kwamba akinunua trei hii ameinunua Tanzania. Kilichokuwa swali kimegeuzwa neno la mauzo, kwa rangi zilezile na madoa yaleyale. Njia ya kutoka kwenye ahadi kwenda kwenye sanaa, rangi ya baiskeli iliipita mara moja. Njia ya kurudi nayo iko wazi mchana na usiku, na ndiyo yenye watu wengi.

Kuna mahali karibu nasi ambapo safari hiyo inaonekana kwa macho. Kisesa, ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, kuna makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo limo jengo la kuhifadhia ngoma na vitu vya watemi, na jengo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kiti halisi cha mtemi ni usanifu wenye ahadi nzito, kwamba anayekikalia ana haki ya kuamua kesi na wajibu wa kuiombea mvua nchi yake. Wewe ukikikuza kiti hicho hadi kikawa nyumba, hakuna binadamu anayeweza kukikalia tena. Ahadi imeondoka. Kimebaki kitu kinachokufanya usimame uani ukijiuliza madaraka ni nini, na nani aliyekuwa anatosha kukaa pale. Nilikwenda na wadogo zangu, wao walitaka kuona ngoma, mimi wakanisahau nje.

Kanga je? Kanga inanisumbua kwa sababu inabeba vyote viwili bila ugomvi. Pindo, mji, jina. Doti ukiinunua Makoroboi inakuahidi upana, urefu, rangi isiyochuja (ahadi hii ya mwisho siku hizi ni ya kuombea). Lakini jina halikuahidi kitu. Maneno yameandikwa na mtu asiyejua utapita nayo mbele ya nani. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa chapa ya Mali ya Abdulla, ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kuweka maneno kwenye kanga, na tangu hapo kila mwanamke anayefungua doti dukani husoma kwanza, ndipo anauliza bei. Anatafuta maneno ya mtu wake. Msanifu ameacha nafasi, na mvaaji anaingia na sanaa yake mwenyewe.

Turudi kwenye lile jina la chini. Mchoraji hutia sahihi kwa sababu hakuna mwingine wa kujibu kwa niaba yake. Kwenye pakiti jina langu halitakuwepo, na sitaki liwepo: linaandikwa la mwenye kutimiza. Nembo ya taifa letu iko kwenye pasipoti, kwenye barua za serikali, kwenye ukuta wa kila ofisi, na haina jina la aliyeichora, kwa sababu Uhuru na Umoja si deni la mchoraji, ni letu sote. Hata hivyo nakumbuka nilivyoumia mwaka 2017 alipofariki Mzee Francis Kanyasu, Ngosha, aliyesema miaka yote kwamba yeye ndiye aliyeichora. Si yeye peke yake aliyetajwa kwa kazi hiyo, na watu wamebishana sana. Mimi niliona picha zake, mzee dhaifu katika chumba cha Buguruni, na nikawaza kwamba kutotia sahihi kwenye kazi ni sawa, ila kumsahau mtu ni jambo jingine. Nchi inaweza kuchapa ahadi yake bila jina la fundi na bado ikamwandika fundi mahali, kwenye daftari moja tu, ili uzeeni asilazimike kujieleza.

Kwa upande wa uchoraji, nimeanza picha ya mbalamwezi. Si ya ziwani. Ni baraza ya nyumba, wanawake wamekaa, taa haijawashwa kwa sababu mwezi unatosha, na pembeni taa za kuvulia zimelazwa hazina kazi. Rafiki yangu mmoja aliiona akanishauri niongeze mtumbwi na mwamba wa Bismarck kwa mbali, hoteli za Capri Point zitainunua mara moja. Ana nia njema na anajua nina kodi ya kulipa. Nimemwambia hapana. Kwenye picha hii simwahidi mtu ziwa zuri. Nataka uso wa yule mwanamke wa katikati uonekane anahesabu, na bado sijaupata. Nimeufuta na kuurudia mpaka turubai limekuwa zito.

Na pakiti? Nimeipa rangi ya buluu nzito, inayokaribia nyeusi, kwa sababu giza ndilo linalowapa wavuvi dagaa, na pia kwa sababu najua wauzaji watazipanga mlangoni juani. Kuna duara moja dogo la mwanga, taa juu ya maji. Sehemu kubwa nimeiacha wazi, dirisha la plastiki, mteja aone mwenyewe kama dagaa wanang'aa au wamekuwa kahawia. Mayu aliupenda. Alisema ndivyo usiku wa kazi unavyokuwa.

Kisha wakaleta ombi lililochukua mchana mzima: tuandike kwa herufi kubwa HAWANA MCHANGA. Kila mpishi wa dagaa anaelewa kwa nini. Dagaa wakianikwa chini ufukweni wanashika mchanga, na hata ukiwaosha mara ngapi, kuna punje moja itakungoja kwenye jino. Walioanikwa juu ya chanja, kwenye nyavu zilizoinuliwa, hewa inapita chini yao, wanakauka upesi na vizuri, kuku na mbuzi hawawakanyagi. Mvua zikija tofauti inakuwa kubwa zaidi, maana walioko chini huharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Nikauliza, "Dagaa wenu wote mnaanika kwenye chanja?"

Hawakujibu wote kwa pamoja. Wengine wana chanja, wengine bado wanaanika chini, kwa sababu nguzo na nyavu ni pesa na nafasi ufukweni ni ya kugombania. Yule wa umri wangu alisema tuandike tu, watachekecha vizuri kabla ya kufunga. Mwingine akasema neno lenyewe ndilo litakalouza, bila hilo pakiti ni picha tu. Nilimwambia dada yule kwamba herufi zile naweza kuzipanga kabla hajamaliza soda yake, na kwamba mtu wa kwanza kung'ata mchanga atakuwa amesoma neno letu kabla ya kung'ata. Akakasirika kidogo. Namwelewa. Ana mkopo wa kikundi, na mimi nilikuwa namzungumzia mteja ambaye wala hatumjui.

Walibishana kwa Kisukuma, mimi nikiambulia nusu. Mwishowe katibu wao akafungua daftari na kuandika mambo mawili. Dagaa wa kwenye chanja peke yao ndio wataingia kwenye pakiti. Wa chini wataendelea kuuzwa kwa gunia kama zamani. Na fedha iliyotengwa kwa ajili ya pakiti zenye kung'aa itapungua, ibaki pakiti ya kawaida, tofauti yake ikanunue nyavu za chanja kwa wale wasio nazo. Kwa hiyo nimepoteza karatasi ya kung'aa niliyokuwa nimeitamani, na ile buluu itatoka imefifia kidogo. Maneno yatabaki, kwa herufi nene, juu ya dirisha. Kesho asubuhi nawatumia sampuli, na yule dada amesema atakuja mwenyewe kuikagua, na atakuja na dagaa wake wa ufukweni na wa chanja, tuwapange mezani kila mmoja upande wake kabla sijachapa hata pakiti moja.